Jibu kwa mdogo wetu wa "njiti" anayeogopa prezentesheni

Mleta uzi pole sana. Umesema upo mwaka wa kwanza hapa Mtwara, wenzako hosteli wanakuita njiti, prezentesheni ya wiki ijayo unataka usingizie malaria, na rumeti wako anakushawishi muanze wote vidonge vya kunenepa. Naongea kama dada yako, chuo nimesoma hukuhuku na mwili ulikuwa huohuo.

Watu wanalaumu Instagram tu ila mi naona huku kwetu inaanzia nyumbani. Unashuka kwenye gari likizo, shikamoo yako haijaitikiwa vizuri shangazi keshakuuliza "mbona umekonda hivyo, unaumwa?" na mwenzio aliyerudi na mashavu anaambiwa chuo kimemkubali. Wala hawana ubaya, ndo salamu yenyewe. Sasa ukitoka hapo ukashika simu ukakutana na mahipsi ya filta lazima uchanganyikiwe.

Mi nilikuwa navaa sweta. Mwezi wa pili, Mtwara hii, joto lile la karatasi kunata kwenye mkono ukiandika, mi nimo ndani ya sweta zito ili watu wasione mikono, na chini nimepiga taiti mbili juu yake suruali ili nionekane nina kitu. Halafu usimame mbele uelezee, jasho linatiririka, akili yote ipo kwenye mikono, mwalimu anauliza swali hata hulisikii na somo unalijua vizuri kabisa. Ndo maana huwa nasema sio kwamba hatujiamini kwa sababu hatujui, kichwa kinakuwa kimeshajaa.

Kilichonitoa hapo sio "jipende ulivyo", hayo nimeambiwa mpaka nikachoka. Darasa lilinichagua CR (mwakilishi wa darasa), nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka lol. Ikabidi kila siku nisimame mbele nitangaze kipindi kimehamia wapi, testi lini, nani hajasaini. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Baadaye nikagundua watu wanataka kujua testi ni lini basi, hakuna mwenye habari na mikono yangu. Kuna jaribio lilifanywa chuo cha Cornell Marekani, likachapishwa mwaka 2000, wanafunzi walivalishwa tisheti ya kuwatia aibu wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Wao walidhani karibu nusu ya watu wameiona picha ya kwenye tisheti, walioiona kweli ni kama robo. Sasa hiyo ni tisheti ya makusudi, sembuse mkono wako.

Na hizo selfi unazozitazama usiku, acha kuzipima. Ukipiga simu ikiwa sentimita 30 na uso, pua inatoka pana kama asilimia 30 zaidi kuliko ukipigwa mtu akiwa mita moja na nusu, hayo ni mahesabu ya madaktari, yalitoka 2018. Kwa hiyo huyo unayemchukia kwenye simu sio wewe.

Prezentesheni nenda. Omba uanze wa kwanza, kungoja zamu ndo kunaua, na vaa nguo nyepesi inayokukaa. Kula pia kula, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka usimalizie kwenye vocha, karanga na korosho hapa ndo kwao, na ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha) jioni ukipiga stori na wenzio. Ila kama hamu ya kula imepotea kabisa au siku zako zimekata, hilo sio suala la shepu tena, kamuone daktari.

Sasa hivyo vidonge. Rumeti wangu alinunua vya kwenye kanailoni, havina jina wala boksi. Uso ulivimba ukawa duara kama sahani, mikono na miguu imebaki vilevile, chunusi mgongo mzima, usiku halali. Vingi vya namna hiyo ni deksa (dexamethasone), dawa ya maana kabisa hospitali lakini ukiimeza kiholela inapandisha sukari na presha, ule unene wenyewe mwingi ni maji na mafuta ya usoni. Kwa hiyo kama hujaanza usianze. Kama mwenzio keshameza kwa wiki kadhaa, msimwambie atupe chooni leo, kuacha ghafla kunaweza kumwangusha maana mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza homoni yake inayofanya kazi kama hiyo dawa. Aende hospitali ya Ligula na hivyo vilivyobaki kwenye kanailoni, aseme ukweli ameanza lini na anameza vingapi, wao ndo watampangia namna ya kupunguza.