Maswali na majibu: fedha ya kale, sarafu ya juzi

*Mpwa wangu anayeishi Florida ameniletea sarafu ya meli ya Atocha pamoja na cheti kinachosema fedha yake imetoka kwenye meli hiyo. Je, nimeshika mali ya mwaka 1622?* (Msomaji, Tanga)

Kisome tena hicho cheti, polepole. Kinasema fedha imetoka melini, au sarafu imetoka melini? Nuestra Señora de Atocha ilizama kwa kimbunga tarehe 6 Septemba 1622 karibu na Florida Keys, ikipeleka Hispania mali ya Amerika. Kati ya watu 265 waliokuwamo walipona 5 tu. Mel Fisher, mtafuta hazina wa Kimarekani, aliitafuta miaka 16, hadi tarehe 20 Julai 1985 wapiga mbizi wake walipolikuta rundo la mikuo ya fedha chini ya bahari. Baadhi ya fedha hiyo iliyeyushwa ikatengenezwa sarafu mpya zenye sura ya zamani. Basi cheti kinaweza kusema kweli tupu na bado ukawa umeshika kitu cha juzi.

Usikate tamaa lakini. Meli ile ilitoa sarafu zaidi ya 100,000, kwa hiyo za kweli zipo na zinauzwa. Sarafu halisi kwa kawaida huja na cheti chenye namba, uzito na picha ya sarafu yenyewe. Weka picha na sarafu sambamba, ufuatishe ukingo kona kwa kona. Cheti kisicho na picha mimi nakiweka pembeni kwanza.

*Mbona sarafu hizi zimepinda hivi, kama zimetafunwa?* (Msomaji, Kisumu)

Kwa sababu kilichotakiwa ni uzito. Huko Potosí, kwenye mlima wa fedha ulio Bolivia ya leo, fundi alikata kipande, akakipunguza kwa mkasi mpaka kifike gramu 27 hivi, ndio uzito wa sarafu ya reale 8 (reale ni hesabu ya fedha ya Hispania). Kisha akakiweka kati ya mihuri miwili ya chuma na kukipiga nyundo. Muhuri ukikaa upande, msalaba uliochongwa juu yake nao unakaa upande, na nusu ya maandishi inapotea. Hakuna mbili zinazofanana.

Hapo ndipo nakala hujiumbua. Ukiona dukani sarafu kumi zenye ufa mmoja mahali pamoja, zote zimesubiwa kwenye kalibu moja. Ninayo moja mezani, zawadi ya rafiki. Ukipitisha kucha ukingoni inakwama kwenye mshono, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

*Nitaipimaje bila kuikwaruza?* (Msomaji, Muscat)

Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma sehemu za gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uitumbukize sarafu ikiwa imening'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Gawa uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Fedha ya Kihispania ya wakati ule hutoa kama 10.3, nakala za bati la kuchanganya huangukia 7 na kidogo. Ila nakala iliyotengenezwa kwa fedha halisi itafaulu mtihani huu, kwa hiyo usisahau kucha. Sumaku nayo inakamata chuma tu, bati linapita.

*Kuuza nakala ni kosa?* (Msomaji, Houston)

Hapana, ukisema ni nakala. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka sarafu ya kuigiza igongwe neno COPY. Tazama kama kuna mahali limesuguliwa.

*Bibi yangu alikuwa akitaja "reale ya mzinga." Ni hizi?* (Msomaji, Lamu)

Ni za ukoo mmoja. Fedha ya Kihispania ilifika mpaka pwani yetu, na jina reale likabaki. Ile ya karne ya 18 ilichorwa nguzo mbili, na watu wa pwani wakaona mizinga. Hata thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya reale yetu, kama vile peso ya Hispania, ndiyo ile sarafu ya reale 8, ilivyokuwa na reale nane za Kihispania ndani yake. Ya bibi lakini si ya Atocha: nguzo zile zilianza kupigwa Mexico mwaka 1732, na meli ilikuwa chini ya maji tayari miaka 110.