Kabla hujaipiga ndago jembe: kwa vijana mnaoanza kazi ya bustani za majumbani

Ukianza kazi ya bustani hapa Dar es Salaam, bosi atakuzungusha uani, atanyoosha kidole na kusema, "Toa haya majani yote." Usikimbilie jembe, mdogo wangu. Chuchumaa kwanza, shika jani moja moja, ujue unapambana na nani. Kuna gugu ukilipiga jembe umelimaliza, na kuna gugu ukilipiga jembe umelizalisha.

Mbigiri ni ya kundi la kwanza. Inatambaa pande zote kwenye mchanga, na vimiba vyake vinatoboa kandambili na tairi za baiskeli za watoto, kwa hiyo wenye nyumba wanaiogopa sana. Lakini ina mzizi mkuu mmoja tu. Pitisha kisu chini kidogo ya usawa wa udongo, mmea umekwisha. Kazi inayobaki ni kuokota vile vimiba, maana ndani yake ndimo zilimo mbegu.

Kishona nguo nacho ni chepesi ukikiwahi. Asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kinang'oka kwa mkono bila kelele. Ukikiacha maua yakakauka, suruali yako ndiyo itakayokisafirisha hadi kwa mteja wa pili. Mimi huwa nakung'uta nguo na kuosha jembe kabla sijatoka geti moja kwenda jingine. Wenzangu wananicheka, wacheke tu.

Kongwe, lile linalotambaa lenye ua dogo la buluu, linataka akili zaidi. Kila pingili inayobaki kwenye udongo wenye unyevu inaota mizizi, kwa hiyo ukilikatakata na jembe ni kama hujafanya kitu. Likusanye lote, ulianike juu ya saruji mpaka likauke, au mpe mfugaji wa sungura. Tena aina moja ya kongwe, yenye majani mapana kidogo na vinyweleo, ina ujanja wa ziada: mbali na maua ya juu, hutoa maua mengine chini ya ardhi ambayo hayaoni jua kabisa, nayo yanazaa mbegu. Bosi akikuuliza kwa nini limerudi wakati halikuwahi kuchanua, jibu unalo.

Sasa ndago. Hapa tukae.

Wengi mnaichanganya na nyasi. Shika kikonyo kinachobeba maua, kizungushe katikati ya vidole viwili: cha ndago kina pembe tatu, cha nyasi ni cha mviringo au bapa na kina vifundo. Chini ya ardhi kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi ngumu, kama tasbihi. Ukivuta majani, uzi unakatika na viazi vinabaki. Ubaya ni kwamba wakati mnyororo ni mzima, kiazi kilichotangulia huvizuia vingine kuchipua. Ukiukata, vilivyokuwa vimelala vinaamka. Ndiyo maana shamba la ndago lililolimwa mara moja wakati wa masika hurudi na ndago nyingi kuliko mwanzo, na kijana wa watu anaambiwa mvivu.

Ndago ina maadui wawili wa kweli: jua kali na kivuli kizito. Jua litumie wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Funga maji kwenye hilo tuta. Pindua udongo kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa sababu viazi vingi viko humo, ingawa vichache huzama zaidi. Okota unavyoviona, vilivyobaki viache vipigwe na jua, kisha pindua tena baada ya wiki moja au mbili. Kiazi kilichokauka hadi ndani hakichipui. Mvua ikikuwahi katikati ya kazi, umerudi nyuma, kwa hiyo anza mapema.

Mvua za vuli zikikaribia, leta kivuli. Panda matembele au maboga, yapande karibu karibu, yafunike ardhi haraka. Ndago inataka jua moja kwa moja. Chini ya majani mazito inadhoofika na inazaa viazi vichache. Nailoni nyeusi ya kufunika udongo, inayosifiwa sana, usimnunulishe bosi kwa ajili ya ndago, maana ncha ya chipukizi la ndago ni kali na inaitoboa. Kwa magugu mengine nailoni inafaa.

Kwenye ukoka huwezi kupindua, kwa hiyo silaha yako ni nyasi zenyewe. Wenye nyumba wengi wanapenda ukoka unyolewe kipara ili kazi ionekane. Wabishie kwa heshima. Nyasi zikinyolewa mno, jua linafika ardhini na mbegu za magugu zinaota. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Maji pia: kurashia kidogo kidogo kila jioni kunalowesha juu tu, hapo hapo magugu machanga yanapoishi. Mwagilia kwa kushiba, kisha pumzisha siku kadhaa. Kama kisima kina maji ya chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya karibu na bahari, ile pasipalamu ya pwani inavumilia kuliko nyasi nyingine, na nyasi zenye afya hazimwachii gugu nafasi. Ila usimsikilize anayekwambia umwage chumvi au oili chafu kuua magugu. Utaua udongo, na mwembe wa jirani unaweza kupata shida yake pia.

Dawa nazitumia kwa nadra, lakini lazima uzijue kwa sababu utaletewa. Glaifoseti huua karibu kila jani la kijani linaloigusa, ukoka ukiwemo. Inapenya kupitia majani hadi kwenye mizizi, kwa hiyo ndago ipake ikiwa mbichi na inakua, si siku ileile uliyoifyeka. Ichanganye na maji safi. Ukitumia maji ya tope, udongo unaishika dawa na nguvu inapotea. Kwenye ukoka, vaa glavu ya mpira na upake kwa sponji jani kwa jani badala ya kupuliza. 2,4-D ni kinyume chake: inalenga majani mapana na kuacha nyasi, kwa hiyo kwa ndago usiitegemee, na upepo ukiipeleka kwenye nyanya au mipapai utaomba radhi mtaa mzima. Soma lebo, angalia kama ina usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na usikubali kabisa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Ukienda kufanya kazi Arusha, utakutana na gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo. Hilo usilishike kwa mkono mtupu. Linawasha ngozi na vumbi lake linasumbua kifua. Glavu, mikono mirefu, na uling'oe kabla halijachanua.

Magugu mengi mabaya, ndago hasa, huingia kwa lori. Bosi anaagiza udongo mweusi au samadi, vinamwagwa, baada ya mwezi uwanja umebadilika. Kabla lori halijaitwa, omba ndoo moja ya udongo huo, mwagilia, weka juani wiki mbili. Kinachoota humo ndicho mtakachoishi nacho miaka mingi. Samadi mbichi ilundike na kuigeuza mpaka ipate moto wa kweli katikati, ule unaokufanya uondoe mkono haraka.

Mwisho ni pesa. Usikubali kulipwa kwa mkataba wa "maliza ndago". Omba malipo ya mwezi, na mwambie bosi tangu siku ya kwanza kwamba ndago inachukua zaidi ya kiangazi kimoja. Atakayekataa, mwache aite mwenye jembe wa bei rahisi. Mara nyingi mvua za masika zikianza anakupigia simu mwenyewe, na hapo bei unaipanga wewe.