Ukiishiwa maneno ya kuomba, shika Zaburi

Wengi wanaoacha kuomba hawajaacha kuamini. Wamechoka. Mtu anauguza mzazi mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Maombi yale yale ameyarudia mpaka yamemkauka mdomoni, na siku ya jumuiya, inapofika zamu ya kila mmoja kuomba kwa sauti, anatamani zamu imruke. Ninaandika kwa ajili ya hao, maana nilipita njia hiyo tulipokuwa tunamuuguza baba.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na kauli yake. Nyumbani tukajifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumketisha wima kabla ya kumlisha uji ili asipaliwe, na kufua mashuka usiku ili asubuhi yawe yamekauka. Katika hali hiyo mtu akikuambia "omba sana", unaitikia amina, lakini moyoni huna hata neno la kuanzia.

Hapo ndipo Zaburi ziliponisaidia, na hadi leo ndizo ninazomshauri kila anayeniuliza. Usizisome kama somo la siku ambalo lazima ulimalize. Ziombe. Soma kwa sauti, taratibu, na pale penye "mimi" ujue ni wewe unayesema. Wapo ndugu zetu wanaosema sala ya kusoma haina uhai, kwamba maombi ya kweli lazima yatoke moyoni papo hapo. Sikubaliani nao hata kidogo. Bwana Yesu msalabani alilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hayo ni maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22. Na aliposema "mikononi mwako naiweka roho yangu", alikuwa anaomba Zaburi ya 31. Ikiwa Mwana wa Mungu katika saa ile alishika maneno aliyoyajua tangu utoto, mimi na wewe tuone haya ya nini?

Ukianza, anza na zile za kulia. Ziko nyingi kuliko tunavyodhani, karibu theluthi ya Zaburi zote 150, ila makanisani tunazipita haraka tukikimbilia za shangwe. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, unaweza kuiomba huku umesimama jikoni unasubiri maji yachemke. Inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hilo "hata lini" linarudi mara nne katika aya mbili za mwanzo. Usiliogope. Aliyelisema hakuwa mpagani wala mtu wa imani haba, alikuwa anamwambia Mungu kwa sababu alijua Mungu yupo na anasikia.

Halafu iko ya 88. Hiyo ndiyo iliyonishika kuliko zote. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa, lakini hii haigeuki. Inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni gizani. Hakuna shukrani ya kufungia wala ahadi ya kwamba kesho patakucha. Nayo imo katika Biblia, na waamini wameiomba vizazi kwa vizazi. Zamu yangu ya kumgeuza baba ilikuwa alfajiri, na mara nyingi niliomba hiyo 88 nikaishia pale pale inapoishia, bila kuongeza "lakini nakushukuru" ambayo siku hiyo sikuwa nayo. Nilimaliza nikiwa nimeomba kweli. Ukiwa gizani omba ukiwa gizani. Shukrani itakuja yenyewe siku yake, na siku hiyo utaikuta Zaburi ya 103 inakusubiri.

Sasa nieleze kuhusu baba, kwa sababu hapa ndipo penye sababu yangu kubwa. Alikuwa hawezi kuomba maji. Jina langu lilikuwa halimtoki. Jioni moja nilikuwa namsomea Zaburi ya 23, nikafika "Bwana ndiye mchungaji wangu", nikanyamaza kidogo kugeuza taa. Baba akamalizia, kwa sauti nzito lakini maneno kamili: "Sitapungukiwa na kitu." Nikaendelea nusu mstari, akamalizia nusu nyingine. Wauguzi wanalijua jambo hili: aliyepoteza kauli kwa kiharusi wakati mwingine hubaki na nyimbo, sala na vitu alivyovikariri tangu zamani, hata kama hawezi kutunga sentensi mpya. Baba aliikariri Zaburi ile alipokuwa darasa la kipaimara. Tangu siku hiyo tukawa tunaomba naye kila jioni, yeye na mimi kwa kupokezana, na ndiyo mazungumzo pekee tuliyokuwa nayo.

Kwa hiyo kariri. Kariri ukiwa mzima, na uwakaririshe watoto wakiwa wadogo, hata kama kwa sasa hawaelewi kila neno. Ya 23, ya 121 na ya 130 zinatosha kuanzia. Mstari mmoja kwa wiki unafika.

Kama hujui uombe ipi leo, iko njia ya zamani inayofuata tarehe. Tarehe 13 unachukua ya 13, kisha unaongeza 30: ya 43, ya 73, ya 103, ya 133. Kwa siku 30 utakuwa umezimaliza zote. Anayeuguza asijibebeshe tano. Achague moja, nyingine aziache bila kujilaumu. Ya 119 ina aya 176, hiyo ikate vipande. Na ukikutana na zile za kulaani adui, kama ya 109, usiziruke kwa hofu. Mkabidhi Mungu hasira yako yote, ukishamkabidhi usiichukue tena.

Neno la mwisho ni kwa mnaokwenda kuwaona wagonjwa. Tafadhali msihubiri kitandani. Msimwambie mwenye kuuguza kwamba Mungu humpa mtu mzigo anaouweza. Muulizeni kwanza mgonjwa kama angependa kusomewa, someni Zaburi moja fupi karibu na sikio lake, kwa sauti ya kawaida. Anayesinzia au asiyeweza kujibu naye asomewe, maana huenda anasikia. Kwa mzee nawashauri ya 71, ile inayosema, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mkimaliza, mwambieni anayemuuguza akalale saa mbili, nyinyi mkae.