Maswali na majibu: kuweka kivinjari kwenye Linux

Nimehama Windows, sasa natumia Ubuntu. Nimepakua Chrome lakini faili linaishia na .exe na halifunguki. Nifanyeje?

Hilo ni faili la Windows, lifute tu. Rudi kwenye ukurasa wa Chrome uchague la .deb, ambalo ni la Ubuntu, Debian na Mint. Wa aina nyingine za Linux, Fedora na openSUSE, huchukua la .rpm. Likishashuka, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

cd ~/Downloads
sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb

Apt ndiyo programu ya Ubuntu ya kusakinisha programu nyingine. Usiisahau ile nukta na mkwaju (./) kabla ya jina. Bila hivyo apt huenda kutafuta kifurushi (programu iliyofungashwa) cha jina hilo kwenye hazina zake za mtandaoni, kisha hukujibu kwamba hakipo, na faili liko palepale kwenye folda yako. Ukiulizwa nywila, andika hata kama huoni kitu: kwenye matoleo mengi ya Ubuntu hakitokei hata kinyota kimoja. Wengi hufika hapo wakadhani kibodi imegoma. Maliza kuandika, bonyeza Enter.

Chrome ikiingia hujiongezea hazina ya Google kwenye /etc/apt/sources.list.d, na kuanzia hapo masasisho yake huja pamoja na ya mfumo mzima. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Kivinjari hufungua kurasa za watu usiowajua kutwa nzima, na mianya ya usalama hugunduliwa kila mara. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha jiulize masasisho yatatoka wapi. Faili uliloliokota kwenye tovuti ya kupakulia programu halikupi jibu hilo, achana nalo.

Kompyuta yangu ni ya Intel. Mbona faili limeandikwa amd64?

Ni lako, lichukue. AMD ndio waliobuni muundo huo wa biti 64, Intel wakaufuata, na jina likabaki. Ukiandika `uname -m` na jibu likawa x86_64, uko sawa.

Firefox ya Ubuntu inachelewa kufunguka, hasa baada ya kuwasha kompyuta. Nasikia shida ni Snap. Naweza kuiondoa?

Unaweza. Tangu toleo la 22.04, la Aprili 2022, Firefox ya Ubuntu huja kama Snap, yaani programu pamoja na mahitaji yake ndani ya faili moja lililobanwa. Kulifungua mara ya kwanza huchukua muda. Matoleo ya baadaye yameharakishwa sana, kwa hiyo kama kompyuta yako ina nguvu, mimi ningeiacha ilivyo: inajisasisha yenyewe na imezuiwa isiguse kila kitu kwenye mfumo.

Kama kompyuta ni dhaifu, Mozilla wana hazina yao ya .deb tangu mwanzoni mwa 2024, na maelekezo yako kwenye tovuti yao. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, usiruke hatua ya kuipa hazina hiyo kipaumbele kwenye apt, maana kifurushi cha Ubuntu kiitwacho firefox ni cha kukurudisha kwenye Snap. Pili, alamisho na nywila ulizohifadhi ziko ndani ya ~/snap/firefox/common, na Firefox mpya haitazitafuta huko. Nakili folda hiyo mahali pengine kabla ya kuondoa chochote.

Chromium na Chrome, ipi bora?

Chromium ni chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na Chrome imejengwa juu yake. Ukitaka alamisho zako zifuatane na simu kupitia akaunti ya Google, chukua Chrome, kwani Google waliifungia Chromium huduma hiyo Machi 2021. Kama huhitaji hayo, mimi napendelea Chromium.

Nina kompyuta ya zamani ya biti 32.

Chrome iliacha kuhudumia Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox ikafuata 2025 kuanzia toleo la 145. Kwanza hakikisha kama kichakataji (CPU) chenyewe ni cha biti 32: andika `lscpu` usome mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 64-bit imetajwa, kilicho cha biti 32 ni mfumo tu, na unaweza kuweka wa biti 64.

Kila nikisakinisha naambiwa "Could not get lock".

Apt tayari inafanya kazi nyingine, mara nyingi masasisho ya kimyakimya baada ya kuwasha kompyuta. Subiri dakika chache ujaribu tena. Utaona watu wakishauri ufute faili la lock, yaani kufuli la apt. Usifanye hivyo, maana usakinishaji ukikatizwa katikati unaweza kuacha vifurushi nusunusu. Kama umeme ulikatika na mambo yamekwisha kuharibika, `sudo dpkg --configure -a` ndiyo amri ya kuanza nayo.