Jarida Likiuzwa, Tazama Mpango wa Kurasa

Wewe unayeanza kazi kwenye jarida lenye heshima yake, usishangae ukiliona likiuzwa kabla hujamaliza kuyazoea majina ya wenzako. Mimi ni mhariri, kazi hii ndiyo iliyoniweka mjini miaka yote, na nimewahi kuwa ndani ya jarida wakati linapata mmiliki mpya. Wageni wa chumba cha habari huwa nawaambia hivi: kampuni kubwa ikinunua jarida, ni nadra mno mtu kupiga simu kuagiza makala fulani isitoke. Yanayoguswa ni mambo yanayoonekana kuwa ya wahasibu tu. Kurasa ngapi, matoleo mangapi kwa mwaka, mhariri mkuu anawajibika kwa nani, wahakiki wa taarifa wanabaki wangapi. Hayo yakishabadilika, makala hubadilika zenyewe, na hakuna anayeweza kukuonyesha siku yenyewe ilipotokea.

Kwa hiyo usikeshe ukisoma tangazo la siku ya kwanza. Nimeyasoma mengi na utadhani yameandikwa na mtu mmoja: mmiliki mpya amelipenda jarida tangu utotoni, ataheshimu uhuru wa uhariri, hakuna kitakachoguswa. Wala sidhani kwamba wengi wao wanadanganya. Siku ile wanaamini wanachosema. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni lisilo na hati utalidai wapi?

Chukua The New Yorker. Jarida hilo lilianzishwa 1925, na mwaka 1985 likanunuliwa na kampuni ya Advance, mali ya familia ya Newhouse, kwa dola 200 kwa kila hisa. Uhuru wa uhariri uliahidiwa. Mhariri mkuu, William Shawn, alikuwa kwenye kiti hicho tangu 1952. Mapema 1987 akaambiwa zamu yake imekwisha, na aliyeletwa kumrithi, Robert Gottlieb, alitoka kwenye nyumba ya vitabu ya mmiliki yuleyule. Watu 154 wa jarida walitia saini barua ya kumwomba Gottlieb aikatae kazi hiyo. Akawajibu kwa adabu, akaja.

Ukitazama vizuri, ugomvi ule haukuwa juu ya makala yoyote. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kumteua mhariri mkuu, na jibu likaonekana mchana kweupe. Tangu hapo kila mwandishi pale alijua kiti cha mhariri mkuu kinatoka mkononi mwa nani, na kujua huko peke yake kunabadilisha namna watu wanavyopendekeza makala.

Lakini usikimbilie kulia. Mwaka 1992 Tina Brown aliletwa, akaingiza picha za kamera na makala fupi zinazokwenda na matukio, na wakongwe wakalalamika sana. Mwaka 1998 akaja David Remnick. Makala ndefu hazikufa, na idara ya uhakiki wa taarifa ipo hadi leo. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba Advance ni kampuni ya familia isiyouza hisa zake sokoni. Mmiliki wa namna hiyo anaweza kuvumilia hasara miaka kadhaa bila kuulizwa na mtu kila baada ya miezi mitatu. Nayasema haya kwa kuwa wako wazee wa kazi watakaokuambia kila ununuzi ni msiba. Si kweli. Inategemea fedha za mnunuzi zina haraka kiasi gani.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza uliza, bila kujifanya mjuaji: hapa mhariri mkuu anateuliwa na nani, na nani anaweza kumwondoa? Ukiambiwa "bodi," uliza imeandikwa wapi. Kwenye The Economist wako wadhamini maalumu, na mhariri mkuu hateuliwi wala kuondolewa bila ridhaa yao, hata wenye hisa wawe nani. Ujerumani, Der Spiegel ina mpango mwingine: wafanyakazi kwa pamoja wanamiliki asilimia 50.5 ya kampuni, baada ya mwanzilishi wake Rudolf Augstein kuwapa nusu mwaka 1974. Sisemi majarida hayo hayana migogoro. Nasema mgogoro ukitokea, kuna karatasi ya kuweka mezani. Majarida mengi hayana karatasi hiyo, na ni vizuri ulijue hilo mapema kuliko kulijua siku ya siku.

Sasa nije kwenye mpango wa kurasa, maana hapo ndipo ningekutaka ukae muda mrefu. Kila toleo lina mpango wake, zamani kwenye karatasi kubwa ukutani, siku hizi kwenye skrini: visanduku vidogo mistari kwa mistari, kila kisanduku ukurasa mmoja. Vilivyopigwa msalaba ni matangazo yaliyokwisha kuuzwa. Vilivyobaki ni vyetu. Jifunze kuusoma. Chukua mpango wa toleo la mwaka uliopita na wa mwezi huohuo mwaka huu, uweke sambamba, halafu hesabu. Makala kuu ilikuwa na kurasa ngapi, sasa ina ngapi? Taarifa za nje ya nchi ziko wapi? Ile safu ya vitabu imesogezwa nyuma, au imegeuzwa orodha ya vitabu vya kununua? Je, kuna ukurasa ulioandikwa kwa herufi ndogo juu kabisa "kwa udhamini wa," na herufi za mwili wake zinafanana na zetu kiasi kwamba hata wewe ulidhani ni makala?

Nilikokuwa mimi, habari ndefu za uchunguzi zilikuwa zinapewa kurasa nane. Baada ya umiliki kubadilika zikawa sita, na tuliambiwa ni kwa toleo lile tu, kwa sababu ya bei ya karatasi. Toleo lililofuata zikawa sita tena. Halafu nne, pamoja na picha kubwa. Hakuna aliyetukataza kuchunguza chochote. Ila mhariri wa habari, mwenye kurasa nne mkononi, hamtumi mtu miezi mitatu kwenye mkasa unaotaka maneno elfu saba. Anatuma mtu siku tatu. Baada ya muda waandishi wenyewe wakaacha kuleta mapendekezo makubwa, kwa kuwa hakuna anayependa kukataliwa kila Jumatatu. Mtu wa nje akikutazama atasema: mbona siku hizi hamna uchunguzi? Na mmiliki atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajawahi kuingilia.

Wahakiki wa taarifa nao watazame kwa jicho hilohilo. Kama hujawahi kumwona mhakiki akifanya kazi, kaa naye nusu siku. Anachukua prufu, yaani nakala ya majaribio ya ukurasa kabla haujachapwa, na penseli, kila jina anaweka alama, kila tarehe, kila namba, kila nukuu, hata rangi ya shati kama mwandishi ameitaja. Halafu anapiga simu. Anamwuliza aliyenukuliwa kama ndivyo mambo yalivyokuwa, bila kumsomea sentensi yenyewe ili asije akaanza kuipamba upya. Ni kazi inayochosha na isiyo na jina mwishoni mwa makala. Ikifanywa vizuri hakuna msomaji anayeiona, ndiyo maana wanunuzi huikata mwanzo: kwenye jedwali la gharama inaonekana ni watu wanaolipwa mishahara bila kuzalisha chochote. Ukiona wahakiki wanapungua na idadi ya makala inaongezeka, basi hakiki kazi yako mwenyewe kana kwamba huyo mtu hayupo, kwa sababu kweli hayupo.

Kasi nayo ni dalili. The New Republic, jarida la Marekani la tangu 1914, lilinunuliwa mwaka 2012 na Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook. Kijana, tajiri, msomaji wa kweli. Wengi walimpokea kwa shangwe. Miaka miwili baadaye akamleta mtendaji mkuu kutoka Yahoo, na lugha ya ofisi ikaanza kuwa ya kampuni ya teknolojia. Novemba 2014 wakafanya sherehe kubwa ya miaka 100, na Bill Clinton akahutubia. Wiki mbili tu baadaye mhariri mkuu Franklin Foer na mhariri wa fasihi Leon Wieseltier wakaondoka. Foer alianza kwa kusikia kwa watu kwamba mrithi wake amekwisha kupatikana. Ikatangazwa kuwa matoleo yatashuka kutoka 20 hadi 10 kwa mwaka, na wahariri na waandishi wengi wakajiuzulu kwa mkupuo hata toleo lililokuwa linafuata likashindwa kutoka. Mwanzoni mwa 2016 Hughes aliliuza.

Kisa hiki watu hukisimulia kama vita kati ya wazee wa karatasi na vijana wa intaneti. Mimi nakisoma tofauti. Jarida lile halikuwa likitengeneza faida hata kabla yake, na Hughes mwenyewe alisema ametia zaidi ya dola milioni 20. Mtu aliyeweka kiasi hicho atataka kuona kitu kinakua, na kinachokua upesi mtandaoni si insha ya Wieseltier. Hapo hapakuhitajika mtu mbaya. Palihitajika tu mtu anayetaka namba zipande.

Kibaya zaidi kwangu ni jina kutenganishwa na watu. Sports Illustrated, la tangu 1954, liliingia mikononi mwa kampuni ya Meredith mwaka 2018 pamoja na majarida mengine ya kampuni ya Time Inc. Mwaka uliofuata jina na haki zake zikauzwa kwa dola milioni 110 kwa Authentic Brands Group, kampuni ambayo biashara yake ni kukodisha majina. Ikalikodisha jina kwa kampuni nyingine iendeshe chumba cha habari kwa ada ya kila mwaka. Fikiria maana yake: anayewalipa waandishi hamiliki jina, na anayemiliki jina hana waandishi. Mwishoni mwa 2023 ikafichuliwa kwamba tovuti ilikuwa na makala za kutathmini bidhaa zenye majina ya waandishi wasiokuwepo, hata picha zao zimetengenezwa na kompyuta. Mwendeshaji alisema zilitoka kwa kampuni ya nje. Januari 2024 akashindwa kulipa ada ya dola milioni 3.75, leseni ikafutwa, na wafanyakazi wakapewa taarifa za kuachishwa kazi kwa wingi. Miezi miwili baadaye jina likakodishwa kwa mwingine. Ukipewa ajira, uliza kama mwajiri wako ndiye mwenye jina la jarida au amelikodi. Swali linaonekana la ajabu. Uliza tu.

Kuhusu mikataba sitakaa sana. Baada ya ununuzi utaletewa mkataba mpya, hasa kama ni mwandishi wa kujitegemea, na utaambiwa ni utaratibu tu. Soma sehemu ya haki. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwenye kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya mwandishi Jonathan Tasini, kwamba mchapishaji hawezi kuingiza makala za waandishi wa kujitegemea kwenye hifadhidata za kielektroniki bila idhini yao. Wachapishaji walijibu kwa kudai haki zote ndani ya mkataba tangu mwanzo. Ukiona maneno "haki zote, kwa njia zote, zilizopo na zitakazovumbuliwa," jua yalikotoka, na uombe angalau haki ya kuchapa tena kazi yako kitabuni. Mara nyingi wanakubali. Hawakubali kwa asiyeomba.

Je, uondoke? Wakongwe wataondoka kwa kishindo, na ni haki yao. Wana majina, simu zitawafuata nyumbani. Ufaransa sheria ya 1935 inamruhusu mwanahabari kuondoka chombo kinapobadili mmiliki na alipwe kama aliyeachishwa kazi. Mwaka 2023 watu wa Journal du Dimanche, gazeti la Jumapili la hukohuko, waligoma siku 40 kumpinga mhariri waliyeletewa. Hawakumzuia, ila wengi walipoamua kuondoka hawakuondoka mikono mitupu. Kwingine kwingi hakuna kitu kama hicho. Kama huna akiba wala jina, mimi nisingekulaumu ukikaa mwaka mmoja ujifunze kwa waliobaki. Lakini andika mahali, kwa mkono wako na mapema, mambo ambayo hutayafanya: kwa mfano kuandika tangazo chini ya jina lako kana kwamba ni habari. Ukingoja mpaka uombwe, utajikuta unapata sababu za kukubali.

Kuna jambo moja la kufanya hata kabla hujasikia uvumi wowote wa mauzo. Barua pepe ya kazini ni mali ya kampuni, na kampuni ikiuzwa inauzwa pamoja na sanduku lako lote. Yule karani aliyekupa nyaraka kwa siri alikuamini wewe na mhariri wako. Mnunuzi hamjui, na huenda mnunuzi ana biashara kwenye sekta ileile uliyokuwa unaichunguza. Majina ya vyanzo yasikae kwenye seva ya ofisi, namba zao zisiwe kwenye simu ya ofisi, daftari lako lisifungiwe kwenye droo ya ofisi. Na kila makala yako ikitoka, hifadhi nakala kamili kwako siku hiyohiyo, pamoja na ukurasa wa jalada, maana tovuti zikihamishwa kwenda mfumo wa mmiliki mpya, viungo vya zamani huwa vya kwanza kupotea.