Mikono Tumeinua, Tushushe Lini?

Mhariri, asalaam alaykum. Swali lenu la wiki hii, "Katika kunuti ya witri, mikono iinuliwe au isiinuliwe?", nimelisoma jikoni nikacheka peke yangu. Kunuti, kwa asiyeijua, ni ile dua isomwayo umesimama ndani ya sala, na witri ni sala ya kufungia sala za usiku. Jibu langu: iinuliwe. Sisi wa Tanga tumelelewa hivyo, wafuasi wa madhehebu ya Shafi watupu, kunuti ya Alfajiri kila siku, na ya witri kuanzia usiku wa kumi na sita wa Ramadhani. Mtu aliyesimama pale mikono imemning'inia, tulipokuwa wadogo tulimwona ama mgeni ama mwenye kiburi. Na hadithi ya sahaba Salman tunaijua sote, kwamba Mola huona haya mja amnyanyulie mikono kisha airudishe mitupu.

Lakini mimi, kuinua hakujawahi kunisumbua. Nyinyi ulizeni itashushwa lini!

Dua yenyewe, ile Mtume aliyomfundisha mjukuu wake Hasan bin Ali, Allahumma ihdini fiman hadayt, ukiisoma kwa utulivu haikumalizii dakika mbili. Siku hizi imamu akishaifikisha mwisho ndiyo kwanza anakunja mikono ya kanzu. Wagonjwa, maiti, wenye madeni, mvua, wafungwa, mabinti wasioolewa. Wengine huiga mpaka kile kilio cha maimamu wa Makka, mahali pale pale. Na sisi tumeshasali rakaa ishirini za tarawehe kabla ya hapo, mwingine ana mtoto mgongoni.

Ngojeni niwaambie ya mwaka 2006, mwaka ule wa mgao wa umeme. Msikiti mmoja huku Ngamiani, wanawake tukisali ghorofani nyuma ya pazia, na imamu tukimsikia kwa spika tu. Usiku wa kumi na sita, kunuti ya kwanza ya mwezi. Imamu wetu wa wakati ule alikuwa bingwa wa kurefusha, kila mtu alijua. Safu ya mbele alisimama bi mkubwa mmoja ambaye sote tulimfuata kwa macho, Mungu atusamehe, maana alijua kila kitu. Imamu alipofika waqinaa sharra maa qadhaita, bi mkubwa akaigeuza mikono viganja chini, kama wafanyavyo wazee wetu panapoombwa kuepushwa shari. Nasi tukageuza.

Papo hapo umeme ukakatika. Spika kimya, feni kimya, giza. Jenereta ya duka la jirani ikaanza kunguruma.

Sasa sikilizeni. Baada ya pale yanakuja maneno ya kumsifu Mungu, na kwenye sifa maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, haitikii amin. Kwa hiyo kimya hakikututisha. Tukajua imamu yuko kwenye sifa, akitoka hapo ataanza nyongeza zake. Tukasimama. Jasho linachuruzika ndani ya baibui, mabega yanawaka moto, mwanangu wa miezi minane ananivuta buibui shingoni. Mmoja nyuma yangu akasema "amin" kwa sauti ndogo, nadhani kwa kukata tamaa, na safu nzima ikaitikia! Mimi pia niliitikia. Sijui tuliitikia nini. Bi mkubwa mikono juu, hatikisiki.

Mpaka kijana mmoja mdogo akapanda ngazi mbio: "Mama, mbona watu wanavaa viatu?"

Kumbe imamu, kwa ajili ya giza, usiku ule alifupisha! Kwa mara ya kwanza. Tukashuka kusujudu kila mtu kivyake, wengine wanacheka wengine wanalia, tukamaliza. Kesho yake sheikh tuliyemuuliza akasema tulikuwa na udhuru, sala imesihi. Bi mkubwa hakumwelewa vizuri. Aliuliza tena baada ya Idi.

Tangu siku ile nimekuwa mlegevu kidogo. Nilisema hapo juu kwamba asiyeinua tulimwona mwenye kiburi, na nilitaka kulifuta, lakini libaki, lilikuwa kosa letu. Jirani yangu wa Unguja ni wa madhehebu ya Ibadhi, nao hawana kunuti kabisa, mikono ameinyoosha ubavuni tangu takbira ya kwanza, na sijaona mtu mnyenyekevu kuliko yeye. Wamaliki, wa madhehebu ya Malik, wana kunuti ya Alfajiri lakini wanaisoma kimya bila kuinua. Na kuna hadithi ya sahaba Anas, kwamba Mtume hakuwa akiinua mikono katika dua zake isipokuwa ya kuomba mvua. Wanavyuoni wetu wamemjibu kwamba wengine walimwona Mtume akiinua penginepo, na mimi niko upande wao, lakini mwenye kuishika hadithi ile huwezi kumwita mjeuri.

Kwa hiyo iinuliwe, usawa wa kifua inatosha. Mkono ukichoka ushushwe, si nguzo ya sala. Na imamu akumbuke jinsi Mtume alivyomkemea sahaba wake Muadh kwa kuwarefushia watu Isha. Hata kwa Mashafii wapo waliosema kuirefusha kunuti ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza.

Ila usiku wa ishirini na saba namwacha aombe atakavyo. Mwaka jana usiku huo alimaliza upesi, na aliyeshuka ngazi akinung'unika nilikuwa mimi.

Msomaji, Tanga