Waya wa intaneti ukikatika, usiusokote na kuufunga tepu

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kama waya wa ruta uliokatwa na mafundi wa dari unaweza kuungwa kwa kusokota rangi kwa rangi, kisha tepu ya stima juu. Huenda taa za ruta zikawaka. Shida itakuja baadaye.

Ndani mna nyaya 8, zimesokotwa mbili mbili kuwa jozi 4. Msokoto huo si urembo: ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine, na nyaya za stima zilizo karibu zisiziletee kelele ya umeme. Kwa Cat5e, daraja la kawaida la waya huu, unaruhusiwa kufumua milimita 13 tu, na kuunga kwa mkono hula zaidi ya hapo. Tena kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2 pekee. Gigabiti, yaani megabiti 1000, yataka zote 4. Uzi mmoja wa zile jozi 2 za ziada ukilegea, mara nyingi vifaa hushuka kimyakimya hadi 100. Mtu analipia kifurushi kikubwa, akipima haipandi juu ya 94 au 95, anaishia kugombana na kampuni bure.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani, yenye chumvi. Ami yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, Wi-Fi haipenyi hata chumba cha pili, kwa hivyo waya umepitia darini. Kila mvua ikinyesha, intaneti yakatika. Nilipobandua tepu nikakuta gundi imeyeyuka kwa joto, shaba imeota ukijani, na nyuzi mbili zimeshikana kwa kutu tu. Tepu haizuii chumvi.

Kama una nafasi, vuta waya mpya mzima, basi. Kama hauvutiki, tia plagi za RJ45, zile za plastiki za waya wa intaneti, pande zote mbili uziunganishe kwa kiungio cha tundu mbili kilichoandikwa Cat5e au Cat6, ndani ya nyumba, pasipo maji. Mpangilio uwe mmoja kila ncha: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje liingie ndani ya plagi libanwe nalo. Likibaki nje, ukivuta kidogo tu nyuzi zachomoka.

Safari yote, kiungio kikiwemo, isipite mita 100. Ikizidi, weka katikati swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za intaneti. Hiyo huanza hesabu upya, ila yataka stima.

Dukani, kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: bei yake ni rahisi, lakini hukatika ukiikunja mara kadhaa. Mimi siinunui.

Ukimaliza, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta uangalie kasi ya muunganisho. Ikisema 1000, funga dari. Ikisema 100 na vifaa vyako ni vya gigabiti, kata plagi uanze tena.